Makufuli Mawili Yaliyobaki Yamefungwa: Niliyojifunza Baada ya Karakana Yangu Kuibiwa

Asubuhi moja ya Aprili 2021, katikati ya masika, nilifika kwenye karakana yangu Sombetini, Arusha, muda mfupi baada ya saa moja, nikafungua makufuli mawili ya mlango wa mbele kwa funguo zangu mwenyewe kama nilivyofanya kila siku kwa miaka sita, nikaingia na kukuta mwanga wa mchana ukishuka kutoka darini. Mabati mawili ya upande wa nyuma hayakuwapo. Sakafu ilikuwa imejaa maji, vumbi la mbao limegeuka tope, na mlango mdogo wa nyuma, ambao tangu nihamie pale niliufunga kwa komeo la ndani peke yake, ulikuwa wazi ukipigwapigwa na upepo. Makufuli yale nilikuwa nimeyanunua kwa shilingi 45,000 kila moja, na nilijiona nimemaliza habari ya ulinzi. Hakuna aliyeyagusa.

Ninaandika kwa ajili ya fundi mwenye karakana ndogo ya kupanga, mwenye mashine chache alizozinunua moja moja kwa miaka mingi, ambaye akiibiwa leo hana akiba ya kurudi dukani kesho. Nilipoteza fedha, nilipoteza wateja, na nilimdhulumu mtu asiye na hatia. Sehemu kubwa ya hasara hiyo haikuletwa na wezi. Niliileta mwenyewe, kabla ya wizi na baada yake.

Karakana yangu hutengeneza milango, vitanda na makabati, na kwa kuwa wateja wengi siku hizi hutaka mbao na chuma pamoja, nilikuwa na vifaa vya kazi zote mbili. Viliondoka randa ya umeme ya Makita, msumeno wa mviringo wa mkono, drili mbili, grinda mbili, mashine ndogo ya kuchomelea ya inveta, kompresa ya lita 50, na mota ya nguvu za farasi tatu iliyokuwa ikizungusha msumeno wa meza. Hiyo mota ndiyo iliyoniumiza kuliko vyote kwa namna ilivyoondolewa. Ilikuwa imefungwa kwa bolti nne kwenye kitako cha chuma, na wezi walizifungua bila haraka kwa spana zangu nilizoziacha juu ya meza ya kazi jioni yake. Bolti zenyewe walizipanga pembeni. Nilipopiga hesabu ya kununua upya nilipata karibu shilingi 3,900,000, na juu ya hapo kulikuwa na malipo ya awali ya wateja watatu, shilingi 1,600,000, ambayo nilikwisha kuyanunulia mbao.

Kosa la kwanza nililifanya ndani ya dakika kumi. Kwa hasira na kwa haya ya kuonekana nimeibiwa, nilianza kuokota vitu, kusogeza meza na kufagia maji. Majirani wakaingia mmoja mmoja kunipa pole, wakapita mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Fundi wa gereji ya jirani ndiye aliyeniambia kwamba alipofika mwanzo aliona alama za tairi za guta kwenye tope la kiwanja kitupu kilicho nyuma yetu, lakini polisi walipofika saa nne palikuwa pamekanyagwa na watu wasiopungua ishirini. Laiti ningesimama mlangoni, nikapiga picha kutoka hapo bila kuingia, nikamwita mwenyekiti wa mtaa, nikapiga simu polisi kwa namba 112 na kumwomba jirani mmoja azuie watu upande wa nyuma, huenda tope lile lingesema jambo.

Kituoni nilipewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yangu kwenye kitabu cha polisi, nikakaa kuandikisha maelezo. Afande aliyeniandika alikuwa mtu mpole. Aliniuliza namba ya utambulisho ya kila mashine, ile inayopigwa kwenye kibati kidogo cha mtengenezaji. Sikuwa nayo hata moja. Akauliza kama kuna alama yoyote ya pekee kwenye randa, kwenye grinda, kwenye kompresa, nami sikukumbuka chochote, maana kichwani mwangu ilikuwa bado asubuhi ile ya mabati. Akaweka kalamu chini akasema, “Sasa fundi, nikiikuta randa hiyo dukani pamoja na nyingine kumi za rangi ileile, nitajuaje kwamba ni yako?” Nikamjibu kwamba mimi nikiiona nitaitambua. Akaliandika jibu hilo kama nilivyolitamka.

Aliniomba risiti. Nilikuwa nazo, na nilijisifu moyoni kwamba sikuwahi kununua mashine mpya bila risiti, lakini zote zilikuwa kwenye droo ya meza ndani ya karakana, chini ya tundu lilelile la paa. Zile zilizonusurika na maji zilikuwa na shida nyingine ambayo sikuwahi kuifikiria: karatasi ya risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, huchapwa kwa joto, na maandishi yake hufifia kwa muda, kwa jua na kwa joto. Risiti ya kompresa, ya miaka mitatu tu, ilikuwa karatasi nyeupe. Tangu hapo kila risiti naipiga picha siku ileile na kutoa nakala ya karatasi ya kawaida, na havilali karakana.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ni zito zaidi kwangu kulieleza. Afande aliuliza ni nani mwingine anayeijua karakana vizuri. Makufuli hayakuguswa, kwa hiyo aliyeingia hakuhitaji ufunguo. Alihitaji macho tu, kwa kuwa kila mteja aliyewahi kuingia kwangu kuchagua mbao aliuona mlango wa nyuma na komeo lake. Hayo nayasema leo. Siku ile nilitaka mtu wa kumshika, nikataja jina la kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwangu, kwa sababu wiki mbili kabla tulikuwa tumekwaruzana juu ya posho yake. Alikamatwa mchana, akalala mahabusu usiku mmoja. Asubuhi mama yake alikuja kutoka Kisongo, akasimama mbele ya karakana, hakuingia. Aliniambia, “Baba, mwanangu amekula kwako miaka minne. Ungeniita mimi kwanza.” Jirani zake walithibitisha alikuwa nyumbani usiku wote, akaachiwa, lakini mtaani kwao habari ilikuwa imeshatangulia. Hakurudi kazini. Mafundi wengi tunapoibiwa tunaanza na vijana wetu, kwa kuwa wako karibu na hawana wa kuwatetea. Afande akikuuliza nani anaijua karakana, jibu kwa ukweli na kwa ukamilifu: wateja, madalali wa mbao, mafundi wa umeme, mwenye nyumba, wapangaji wa zamani, na vijana pia. Usimpe jina moja ili upate nafuu ya hasira yako.

Wiki ya tano baada ya wizi, fundi mwenzangu niliyesoma naye VETA Moshi alinipigia simu kwamba ameona kwenye duka la vifaa vilivyotumika, pale Moshi mjini, randa inayofanana na yangu. Arusha na Moshi ni kama kilomita 80. Nilipanda basi la kwanza. Randa ilikuwa rafuni, na mara moja nikaona kwenye mpini wake kovu la plastiki iliyoyeyuka, la ukubwa wa kucha ya kidole gumba, nililolisababisha mwenyewe siku nilipoiweka juu ya jenereta yenye moto. Kovu hilo nililiona kila siku kwa miaka miwili, na kituoni lilikuwa limenitoka kabisa.

Nilichofanya baada ya hapo nakijutia. Nilipaza sauti kwamba nimeibiwa na mali yangu ni hii. Dukani alikuwamo kijana wa miaka kama kumi na saba aliyeachwa kuangalia biashara. Kabla sijamaliza sentensi ya pili, madereva wa bodaboda waliokuwa nje walikuwa wameingia, mmoja amemshika kijana ukosi, mwingine ameokota kipande cha mbao. Sikuwa nimetamka neno mwizi nikimlenga yeye, lakini nani alijali? Nikauona uso wake, nikakumbuka uso mwingine. Nilisimama kati yao nikipiga kelele kwamba mtoto huyu si mwizi, simfahamu, hajaniibia, na mzee wa duka la jirani akanisaidia kumsukuma kijana ndani na kufunga mlango. Ukiiona mali yako mikononi mwa mtu, usiseme neno pale. Toka, tembea hadi kituo cha polisi ukiwa na namba yako ya RB, urudi na askari.

Mpelelezi wa Moshi aliposoma maelezo yangu yaliyotumwa kutoka Arusha alinieleza jambo ambalo kila mwenye karakana anapaswa kulijua. Mahakama zetu hukubali kumtia hatiani mtu aliyekutwa na mali iliyoibwa muda si mrefu uliopita ikiwa hana maelezo ya kuridhisha, lakini kwa masharti: mali iwe imekutwa kwake, iwe imeibwa karibuni, iwe ndiyo iliyotajwa kwenye shtaka, na mlalamikaji awe ameitambua pasipo shaka kuwa ni yake. Sharti hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi, kwa sababu utambuzi unaotakiwa ni wa mtu aliyezitaja alama za pekee kabla ya kuonyeshwa kitu. Ukilitaja kovu baada ya kuliona rafuni, hata mtu mwingine yeyote angeweza kulitaja. Mwenye duka alileta karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono, na mimi nilikuwa na maelezo yasemayo “nikiiona nitaitambua.” Randa ilirudishwa rafuni nikiwa nimesimama pale.

Kilichoniokoa kwa sehemu ilikuwa kazi nzuri ya mtu mwingine. Sakafuni, chini ya magunia, palikuwa na mota tatu za kijivu, na moja ilikuwa na umbo na ukubwa wa yangu. Mota za aina hiyo zinafanana kama tofali. Ndipo nilipokumbuka kwamba mwaka 2019 mota yangu iliungua baada ya fezi moja kukatika, nikaipeleka kwa fundi wa kusuka mota, yaani kuziwekea upya nyaya za ndani, aliyeko Ngarenaro, na fundi yule ana desturi moja: kila mota anayoisuka upya huandika kwa rangi nyekundu, ndani ya kifuniko cha sehemu ya kuungia nyaya, mwezi, mwaka na herufi mbili za jina lake, na namba ya mota huinakili kwenye daftari lake kwa ajili ya waranti anayotoa ya miezi sita. Nilimweleza mpelelezi hayo yote kabla mtu hajaigusa mota, tukampigia simu fundi, akasoma namba kutoka kwenye daftari, mpelelezi akaiandika. Kisha kifuniko kikafunguliwa kwa bisibisi ya mwenye duka. Maandishi yalikuwapo, na namba ya kwenye kibati ilikuwa ileile.

Mwenye duka akalazimika kueleza aliyemletea, na mtu mmoja akafikishwa mahakamani Arusha. Juu ya kesi yenyewe sitasema zaidi ya kwamba nilitoa ushahidi, na kwamba mota ilikaa kama kielelezo miezi minane. Nauli, chakula na siku nilizoacha kazi vilifika kama shilingi 310,000, karibu nusu ya bei ya mota mpya. Mwenye mashine ya bei ndogo aamue mapema kama ana nguvu za kuifuata, maana kufuatilia nako ni gharama.

Nikiwa kwenye basi la kurudi niliwaza pia juu ya mojawapo ya grinda zangu mbili zilizoibwa. Niliinunua mwaka 2018 kwa kijana aliyepita akiiuza mkononi, kwa shilingi 60,000, bei isiyofika theluthi ya thamani yake, nami sikumuuliza aliitoa wapi kwa sababu sikutaka kujua. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haimwadhibu mwizi peke yake. Anayepokea mali ya wizi huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa naye ni mkosaji. Lakini hata sheria ikiwa haijakufikia, fundi mwenzako mahali fulani alikuwa anasimama mbele ya karakana tupu. Siku hizi kitu kilichotumika nakinunua kwa hati ya mauziano yenye namba ya mashine na nakala ya kitambulisho cha NIDA cha muuzaji, iliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa wake. Muuzaji akikataa, namwacha aende na mashine yake.

Hatua niliyoona ngumu kuliko zote ilikuwa Kisongo, kwa wazazi wa yule kijana aliyejifunza kazi kwangu. Nilikwenda na mjomba wangu na mzee mmoja wa kanisa, nikaomba radhi mbele ya mama, baba na majirani wawili, kwa sababu niliyemharibia jina mbele za watu nisingeweza kumwomba radhi kwa siri. Nikalipa posho yake iliyobaki, ile tuliyogombania. Kijana alinisikiliza akasema amesikia. Hakusema zaidi, na sikuwa na haki ya kudai aseme.

Mvua zilipopungua mwezi Juni nilianza kurekebisha jengo, na hapa nitakwenda polepole, maana karakana nyingi za mjini kwetu zimejengwa kama yangu: ukuta wa tofali, papi nyepesi, mabati yaliyopigwa misumari, hakuna dari. Mvua kubwa ikipiga juu ya bati, mtu aliye umbali wa mita tano hasikii bati jingine likichomolewa. Nilifunga wavu wa nondo za milimita 12, zikiachana sentimita 15 kila upande, chini ya kenchi, kwenye nusu ya nyuma ya jengo, na ncha zake nikazichomelea kwenye vyuma vilivyozamishwa kwenye zege la lenta. Mwenye jengo alikubali nikate nusu ya gharama kwenye kodi ya miezi mitano, na hili ni vizuri kulipatana kwa maandishi kabla ya kuleta hata nondo moja, kwa kuwa chuma kikishachomelewa hakihami na mpangaji. Rundo la mbao chakavu nililokuwa nimeliegemeza nje ya ukuta wa nyuma, ambalo bila shaka ndilo lililokuwa ngazi yao, niliuza lote.

Mlango wa nyuma niliutengeneza upya wa chuma. Kwenye milango hii watu wengi hununua kufuli la ghali na kulitundika kwenye kitu dhaifu. Angalia kwanza bawaba: zikiwa nje na pini zake zinatoka, mlango unafunguliwa upande usio na kufuli, nilizichomelea pini. Angalia kinachoshika kufuli: kikiwa kimefungwa kwa skurubu zinazoonekana, bisibisi inatosha, bolti zinatakiwa zipenye mlango mzima na nati zibaki ndani. Kisha kufuli lenyewe liwe na upinde mfupi na mnene wa chuma kilichokomazwa, nami nimelizungushia kiboksi cha chuma kinachoacha nafasi ya mkono na ufunguo tu, ili mkasi wa kukatia na diski ya grinda visifike kwenye upinde. Komeo la ndani bado lipo, lakini nalo sasa lina kufuli lake, hivyo aliyeshuka kutoka juu hawezi kuufanya mlango kuwa njia ya kutolea kompresa.

Jambo jingine ni kumnyima mwizi zana zako. Wezi wangu hawakuja na spana. Nilichomelea sanduku la bati nene la milimita tatu, urefu wa mita moja na nusu, nikalifunga kwenye sakafu ya zege kwa bolti za kuzamisha ambazo nati zake zinafikiwa kutoka ndani ya sanduku pekee. Humo hulala grinda na diski zake, drili, randa, spana zote, mitaimbo na nyundo kubwa. Ngazi hufungwa kwa mnyororo ukutani. Betri za drili na chaja yake naondoka navyo nyumbani, kwa kuwa drili isiyo na betri haina mnunuzi wa haraka. Swichi kuu ya umeme naizima kila jioni na kisanduku chake nakifunga, ili hata mtu akileta grinda yake asipate mahali pa kuichomeka. Taa ya nje inatumia sola na huwaka mtu anapopita, kwa hiyo haitegemei umeme unaokatika mara kwa mara wakati wa mvua. Mashine ya inveta ya kuchomelea, kwa kuwa mtu anaibeba kwa mkono mmoja kama mkoba, nayo huingia sandukuni. Ile ya zamani ya transfoma ninayoitumia kwa kazi nzito inavutia kwa sababu nyingine, yaani shaba iliyomo ndani yake, na hiyo nimeifunga sakafuni. Usisahau nyaya zenyewe: waya mnene wa kuchomelea mara nyingi ni wa shaba na hukatwa kwa dakika moja.

Nilifikiria kamera. Fundi mmoja wa mtaa wa pili alikuwa nayo, na alipoibiwa waliondoka pia na kisanduku kilichokuwa kikihifadhi picha, kwa kuwa kilikuwa juu ya kabati chini ya kamera yenyewe. Ukiweka kamera, hakikisha picha zinahifadhiwa mahali pengine. Mimi fedha zangu niliziweka kwenye nondo kwanza.

Kuhusu alama, nilinunua seti ya herufi za chuma za kupigia kwa nyundo, na kila mashine ina alama mbili. Ya kwanza iko wazi, pamoja na mstari mpana wa rangi ya njano, ili mnunuzi wa mtaani aone kwamba kitu hiki kina mwenyewe. Ya pili imefichwa, na mahali ilipo tunapajua mimi na mke wangu. Kwenye chuma napiga herufi. Kwenye mwili wa plastiki nachonga taratibu kwa ncha ya moto bila kutoboa, kwa kuwa plastiki ya grinda na drili ndiyo kinga ya mtumiaji dhidi ya umeme, na kamwe sipigi nyundo karibu na beringi. Kibati cha mtengenezaji hakitoshi peke yake, kwa sababu kimeshikwa kwa ribiti mbili zinazong'oka. Halafu kuna daftari: jina la mashine, namba, tarehe na bei, alama ya wazi, alama ya siri, makovu yote, na jina la fundi aliyewahi kuitengeneza. Picha zake nimezituma kwenye barua pepe yangu, kwa kuwa simu nayo huibwa. Kazi hiyo yote, kwa mashine kumi na nne, ilinichukua Jumapili moja na shilingi 38,000. Nikiilinganisha na gharama ya wavu wa nondo, naona aibu kwamba nilikaa miaka sita bila kuifanya.

Karakana sita za mstari wetu tulikutana tukakubaliana kumlipa mlinzi mmoja wa usiku kwa pamoja, shilingi 30,000 kila karakana kwa mwezi. Hapo awali tulikuwa na mlinzi asiye na kibanda, na usiku wa mvua alijikinga barazani upande wa barabara, jambo ambalo mtu yeyote angelifanya. Sasa ana kibanda kinachoona nyuma, tochi, koti la mvua, filimbi, na vocha ya simu tunayomlipia. Namba ya polisi kata na ya mwenyekiti wa mtaa ziko ukutani mwa kibanda chake. Tuliandika pia kwamba atakayekamatwa hatapigwa. Wawili walipinga, niliwaeleza habari ya yule kijana wa dukani Moshi, wakasaini.

Bima niliikata mwaka uliofuata, na nashauri usome masharti ukiwa umekaa. Bima ya wizi wa karakana kwa kawaida hutaka pawepo dalili za kuvunjwa kwa nguvu, hivyo kifaa kilichotoweka mchana mlango ukiwa wazi hakihesabiwi. Tena ukitaja thamani ya nusu ili mchango upungue, fidia nayo hupunguzwa kwa uwiano huohuo hata kama kilichoibwa ni kitu kimoja. Walipotaka orodha ya mali nilitoa nakala ya daftari langu, na mkaguzi hakuuliza swali la pili.

Wateja wale watatu niliwaita mmoja mmoja na kuwaambia ukweli kabla hawajasikia mtaani. Mmoja alidai fedha yake, nikamlipa kwa miezi mitatu. Wawili walisubiri, na kazi zao nilizimaliza usiku kwa mashine za jirani wa gereji na wa karakana ya tatu, ambao walikataa malipo, wakakubali tu ninunue diski na umeme.

Mota nilirudishiwa Januari 2022, baada ya kesi. Stoo ilikuwa na unyevu, na nilipoipeleka Ngarenaro kupimwa kabla ya kuiwasha, fundi alikuta kinga ya nyaya imeshuka, akaikausha siku mbili na kubadilisha beringi moja. Alipomaliza alifungua kifuniko, akaandika kwa rangi nyekundu tarehe mpya chini ya ile ya zamani, na kuinakili kwenye daftari lake. Nami nikaiandika kwenye langu.